Jua mwaka mzima, mvua tele, mbona ngano ya dunia inatoka kwenye baridi?

#1 Ramani Kichwani
Wakuu, salaam. Swali hili limeniletea ugomvi na shemeji yangu juzi, nikaona nililete humu kabla hatujanuniana kabisa.

Chukua ramani ya dunia, weka alama kwenye nchi zinazouza ngano kwa wingi: Urusi, Kanada, Marekani, Ufaransa, Australia, Ukraine, Argentina. Angalia zilipo. Zote ziko mbali na ikweta. Nyingine ardhi inaganda miezi mitano mpaka sururu inadunda. Sasa rudi ukanda wa tropiki. Jua lipo Januari hadi Desemba, sehemu nyingi mvua ipo, mmea unaota hata kwenye ufa wa ukuta. Na huku ndiko nafaka inakoletwa kwa meli.

Kwa akili ya kawaida ingekuwa kinyume. Shemeji anasema ni udongo tu, basi. Mimi nasema ni baridi yenyewe, inasaidia kuliko tunavyodhani. Tumewekeana dau: atakayeshindwa anampalilia mwenzake shamba Jumamosi mbili mfululizo. Nisaidieni, mgongo wangu si mzuri.

#2 Mkulima wa Kiti
Mkeka nimeshatandika. Naweka kambi hapa.

#3 Tope
Mtoa mada, andaa jembe. Shemeji yako kashinda.

Joto na mvua vikikaa pamoja miaka maelfu kwa maelfu, udongo unaoshwa. Kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, vyote vinazama chini ambako mizizi haifiki. Kinachobaki juu ni oksidi za chuma na alumini, ndiyo maana udongo wa namna hiyo ni mwekundu kama matofali. Tena una tabia mbaya: ukiupa fosforasi unaikumbatia, mmea haupati kitu.

Kaskazini ni habari nyingine. Juzi tu, miaka kama 12,000 iliyopita, barafu ilikuwa inasaga miamba kule kama jiwe la kusagia. Ilipoyeyuka, upepo ukabeba vumbi lile na kulimwaga kwenye nyanda. Huo ni udongo mchanga kiumri, madini yake bado hayajaoshwa. Juu yake nyasi zikaota na kufa, zikaota na kufa, mboji ikajilimbikiza. Ule udongo mweusi wa Ukraine na kusini mwa Urusi, mtaalamu wa udongo wa Urusi, Dokuchaev, aliouandikia kitabu mwaka 1883, una sehemu ambazo tabaka jeusi linafika mita moja. Mita moja, wakuu.

#4 JembeKali
Tope yuko sahihi na mimi ni shahidi. Niliwahi kufyeka kipande cha msitu mnene, nikawa najisemea kama miti imenenepa hivi, mazao yatakuwaje. Nikachoma, nikapanda mahindi kwenye jivu. Mwaka wa kwanza ukipita katikati ya shamba hakuna anayekuona. Wa pili yakanifika kifuani. Wa tatu yalitoka ya njano kama yana homa, magugu ndiyo yakawa marefu kuliko mahindi. Mzee mmoja aliponiona nimekaa kwenye kisiki akaniuliza, "Ulidhani chakula kilikuwa chini? Kilikuwa juu, na umekichoma."

#5 Mkulima wa Kiti
> na umekichoma

Mzee kakumaliza hapo 😂

#6 Bi Mbegu
Kabla hamjaendelea, turekebishe mambo mawili.

Moja, Ramani umeandika "ngano" kwenye kichwa cha uzi halafu ndani unasema "nafaka". Si kitu kimoja. Muuzaji mkubwa wa mchele duniani ni India, karibu asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka. Wakifuatiwa na Thailand na Vietnam. Julai 2023 India ilipozuia mchele mweupe usio basmati kutoka nje, soko la dunia zima lilitetemeka. Mahindi nayo, mwaka huohuo Brazili iliipita Marekani kwa kuuza nje. Soya ilikuwa imeshaipita zamani. Kwa hiyo hiyo "tropiki inaagiza" yako ina matundu.

Mbili, Tope, udongo wa tropiki si mmoja. Java ina volkano zinazomwaga majivu mapya, na mpunga unalimwa humo miaka nenda rudi. Kisiwa hicho ni kama asilimia 7 ya ardhi ya Indonesia, lakini zaidi ya nusu ya watu wa nchi wanaishi hapo. Jirani yake Borneo, joto lilelile, mvua ileile, watu wachache. Ongeza udongo mweusi wa Deccan kule India, ongeza matope ya mito Mekong na Ganges. Ukisema "tropiki udongo mbovu" unakuwa umepaka rangi moja ukuta wenye rangi kumi.

#7 Tope
Nimekubali nusu. Java inanisaidia mimi lakini! Hali ya hewa moja, udongo tofauti, matokeo tofauti. Huo ni ushahidi wa shemeji.

#8 Ramani Kichwani
Bi Mbegu ahsante, mchele niliusahau. Ila hapo kwenye dau tulisema ngano na mahindi... sawa, mahindi nayo mmeniharibia.

Hakuna mtu wa kutetea baridi?

#9 Kanyaga Twende
Nipo. Nilifanya kazi misimu miwili kwenye shamba la ngano Saskatchewan, Kanada. Naomba nieleze nilichokiona, si nilichosoma.

Kwanza, msimu ni mfupi wa kukutia wazimu. Mbegu inaingia Mei, na siku zisizo na jalidi ni 100 hadi 120 hivi. Lakini Juni jua linakaa angani zaidi ya saa 16, halafu usiku kuna ubaridi. Mmea unatengeneza chakula mchana mrefu, usiku haukichomi kwa kupumua sana. Kwenye joto la usiku mmea unakula akiba yake. Watafiti wa mpunga wa IRRI kule Ufilipino waliandika mwaka 2004 kwamba katika mashamba yao ya kiangazi, joto la usiku likipanda nyuzi 1 mavuno yanashuka kama asilimia 10.

Pili, wadudu. Theluji ikija, karibu kila kitu kinakufa au kinalala. Wale viwavijeshi vamizi walioingia Afrika 2016, Marekani wanakojulikana miaka yote hawawezi kuvuka majira ya baridi isipokuwa kusini mwa Florida na Texas. Kila mwaka inabidi waanze safari upya kuelekea kaskazini. Kwenye tropiki hawana likizo.

Tatu, na hili watu hawalitaji kabisa: ghala. Januari bosi wangu alikuwa anawasha feni chini ya silo usiku, inavuta hewa ya nje nyuzi 20 chini ya sifuri na kuipitisha kwenye ngano. Nikaingiza mkono kwenye punje, nikautoa haraka, vidole vilikuwa vinauma kama nimeshika chuma. Ndani ya ghala kama lile dumuzi anaishije? Sumukuvu inaoteaje? Sisi wa joto tukivuna gunia kumi, tunapigania kuzifikisha saba mwezi wa sita.

#10 Ramani Kichwani
MNAONA! Shemeji njoo usome.

#11 Asiyejua
Samahani swali la kijinga. Kama baridi inaua wadudu, ile njaa ya viazi Ireland ilitokana na nini?

#12 Bi Mbegu
Si la kijinga hata kidogo. Ule ugonjwa wa ukungu wa 1845 ulistawi kwa sababu ya ubaridi na unyevu. Kanyaga kasema kweli kuhusu Saskatchewan, ambako ni kukavu na kunaganda. Ireland hakugandi kihivyo. "Baridi" nayo si moja.

#13 Kitivo
Hoja ya wadudu ina mfano mzuri zaidi ambao haumo kwenye nafaka. Mpira wa asili kwao ni Amazon. Mwaka 1876 mbegu zikachukuliwa, zikapitia London, zikafika Asia, na huko mashamba makubwa yakafanikiwa. Henry Ford alipotaka kuulima kulekule kwao Brazili, akaanzisha Fordlândia 1928, miti ikapandwa imebanana, ukungu wa majani ukafyeka. Mwaka 1945 akaachia yote. Mti uleule Asia ulistawi kwa sababu adui yake alibaki nyumbani.

Kwa hiyo tatizo pengine ni kulima zao moja kwa kubananisha mahali ambapo wadudu wake wamezaliwa. Msituni miti ya mpira imetawanyika, ukungu haupati daraja la kuvukia. Ndiyo maana mifumo ya zamani ya tropiki ni ya kuchanganya: mahindi, maharage na maboga pamoja kule Meksiko, bustani za nyumbani za Java zenye mimea ya kila kimo. Shamba la aina moja upeo wa macho ni ubunifu wa nyasi za nyika, na nyika ziko kwenye baridi.

#14 Mkulima wa Kiti
Kitivo kaingia, zimeni simu darasani.

#15 Baharia 62
Vijana, nimesoma yote. Mimi si mkulima, nimebeba mizigo yenu miaka mingi baharini. Ninyi mnaongea udongo na wadudu kana kwamba ngano inatembea kwa miguu.

Nimepakia New Orleans, Marekani, na nimepakia Santos, Brazili. New Orleans nafaka inashuka na mto. Boti moja ya kusukuma inaleta matishari yamefungwa pamoja kama godoro, mengi mpaka huoni mwisho, Mississippi inafanya kazi bure. Santos tulikuwa tunasubiri malori. Dereva mmoja aliniambia ametoka Mato Grosso, kama kilomita 2,000 barabarani, na analala kwenye foleni. Soya ikimwagwa kwenye tumbo la meli vumbi linapanda, unakohoa rangi ya mchanga siku tatu. Nikawa najiuliza, huyu na yule wa Mississippi wanauza soko moja, na huyu bado anapata faida. Anafanyaje?

Kwangu mimi jibu ni usafiri. Mahali penye mto mkubwa, reli na bandari, ndipo panauza. Weka udongo mzuri katikati ya bara pasipo na njia, utakula mwenyewe.

#16 Kitivo
Mzee Baharia, hiyo ni hoja ya von Thünen kabisa. Mwaka 1826 Mjerumani huyo mwenye shamba Tellow alichora mji mmoja kwenye uwanda tambarare na kuuzungushia duara za kilimo. Karibu na mji maziwa na mboga kwa sababu zinaharibika. Duara la pili msitu wa kuni, watu hushangaa, lakini kuni ni nzito na wakati ule ndiyo nishati. Kisha nafaka, mwisho mifugo maana inatembea yenyewe.

#17 Baharia 62
Mimi sikumsoma, labda yeye alinisoma mimi.

#18 Tope
Baharia kauliza swali zuri, Mbrazili anafanyaje. Na hapa, kwa uchungu, naona hoja yangu inapigwa.

Eneo lile la Cerrado ni kilomita za mraba milioni 2 hivi, liko tropiki kabisa, na udongo wake ndio ule mwekundu niliouponda juu kule. Tindikali kali, alumini inachoma mizizi. Miaka ya 1960 lilihesabiwa halifai. Embrapa, shirika lao la utafiti, likaanzishwa 1973. Wakamwaga chokaa, tani kadhaa kwa hekta, tindikali ikashuka, alumini ikafungwa. Wakaongeza fosforasi. Soya ni zao la siku fupi: ukilipeleka karibu na ikweta linachanua likiwa kimo cha goti, wakazalisha mbegu zinazochelewa kuchanua. Naitrojeni hawakununua, walichagua bakteria wa mizizi wa kuwapa soya, kazi ambayo mtafiti wao Johanna Döbereiner aliipigania. Na kwa kuwa hakuna theluji, wakivuna soya wanapanda mahindi palepale. Zaidi ya nusu ya mahindi ya Brazili ni ya msimu huo wa pili.

Kwa hiyo udongo mbovu unatengenezeka. Sijui nimwambie nini shemeji.

#19 JembeKali
Unatengenezeka kwa mwenye chokaa karibu na mkopo wa benki. Mimi niliwahi kununua chokaa, nikamwaga kwa macho bila kupima udongo. Maharage yakapauka majani, mishipa tu ndiyo ikabaki kijani. Mtaalamu akaniambia nimezidisha, nimeyanyima madini mengine. Dawa nayo ina kipimo.

Halafu Brazili inaagiza kama asilimia 85 ya mbolea yake kutoka nje. Rutuba ile inakuja kwa meli ya kina Baharia.

#20 Asiyejua
Na ule msitu na nyika ya Cerrado vilivyokuwepo?

#21 Tope
Karibu nusu ya uoto wa asili umekwenda. Hilo lina uzi wake, tukilifungua hapa hatulali.

#22 Bi Mbegu
Mimi naona mmekosea swali tangu mwanzo. Mnachanganya kuuza nje na kuzalisha, na kuzalisha na rutuba. Ni vitu vitatu.

Mzalishaji wa kwanza wa ngano duniani ni nani? China. Wa pili kwa nchi moja moja? India. Hawapo kwenye orodha ya mtoa mada kwa sababu wanaila wenyewe.

Misri inavuna zaidi ya tani 6 za ngano kwa hekta, matope ya Nile na umwagiliaji. Bado ni miongoni mwa waagizaji wakubwa kabisa, watu zaidi ya milioni 100 wamebanwa kwenye utepe wa kijani. Australia inavuna kama tani 2 kwa hekta. Mbili! Mwaka mzuri inapata zaidi ya tani milioni 30, na watu ni milioni 27. Kila kichwa kina tani yake na ushee, watafanya nini kama si kuuza? Kazakhstan ndiyo kabisa, inazunguka tani 1 kwa hekta na inauza.

Tena Australia inawapiga nyote. Tope, udongo wa Australia Magharibi ni mchanga mkongwe usio na fosforasi, haukusagwa na barafu yoyote ya juzi. Waliupa mbolea ya superfosfeti, na shaba na zinki kwa viganja. Kanyaga, hakuna theluji kule ya kuua mdudu, ngano inakua majira ya baridi yenye mvua na kuvunwa joto likianza. Udongo wenu uko wapi, baridi yenu iko wapi?

Ramani ya kuuza nafaka nje ni ramani ya mahali penye ardhi nyingi na vinywa vichache. Basi.

#23 Kanyaga Twende
Bi Mbegu umenibana kwenye Australia, nakiri. Lakini "vinywa vichache" ni matokeo, si chanzo. Kwa nini vinywa vilikuwa vichache? Nyika za Kanada mtu wa jembe la mkono asingezivunja. Mizizi ya nyasi zile imefumana kama zulia. Mpaka lilipokuja jembe la chuma kigumu kilichong'arishwa la John Deere 1837, reli, na mbegu inayowahi jalidi.

#24 JembeKali
> Kwa nini vinywa vilikuwa vichache?

Kuna waliokuwepo wakaondolewa. Marekani mwaka 1862 walitoa ekari 160 kwa kila mlowezi atakayelima miaka mitano. Ekari hizo zilikuwa na wenyewe. Kule Australia vilevile. Msizungumze "ardhi nyingi" kana kwamba ilikutwa imelala.

Na upande wa pili, tropiki, mkoloni alipofika alitaka sukari, mpira, pamba, chai. Reli ilijengwa kutoka shamba la mkonge au mgodi kwenda bandarini, haikuunganisha shamba la mahindi na mji wenye njaa. Utafiti nao ukafuata zao la kuuza. Miaka mia ya utafiti ukiweka kwenye ngano, na muhogo ukaachwa, unategemea nini?

#25 Bi Mbegu
Hapo nakuunga mkono kabisa, ingawa inaipunguza makali hoja yangu.

Umetaja muhogo, na hapo kuna kitu. Takwimu za biashara zinapenda kitu kikavu. Ngano ikikauka inakaa miaka. Muhogo zaidi ya nusu ya uzito wake ni maji, ukiung'oa Jumatatu, Jumatano ukiukata unakuta mistari ya buluu-nyeusi ndani. Ndizi vilevile, magimbi vilevile. Nigeria inazalisha muhogo kuliko nchi yoyote duniani, na kwenye ramani ya Ramani haionekani. Mashamba ya tropiki yanalisha mamilioni ya watu bila kupita kwa Baharia.

#26 Baharia 62
Kweli. Sijawahi kubeba muhogo mbichi hata siku moja. Thailand huwa wanaukausha vipande au wanautoa wanga.

#27 Kitivo
Nami niongeze upande wa mimea. Nafaka kuu za ngano na shayiri zilianza kulimwa maeneo yenye msimu mkali, mahali ambapo mmea unakufa kiangazi na kuacha mbegu iliyojaa akiba. Msitu wa mvua hauhitaji mmea wa namna hiyo, kule kinachoshinda ni mti na kiazi. Ukipima kwa mafuta badala ya nafaka, mchikichi unatoa tani 3 au 4 za mafuta kwa hekta, soya kama nusu tani. Indonesia na Malaysia wanazalisha zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya mawese duniani. Kwa kipimo hicho baridi ndiyo maskini.

Mwanajiografia Derwent Whittlesey mwaka 1936 aliigawa dunia katika maeneo 13 ya kilimo, na hakuanza na hali ya hewa. Aliangalia mazao na mifugo vinavyoambatana, mbinu, nguvu kazi na mtaji, mavuno yanakwenda wapi, na majengo ya shambani. Yaani hata silo la bosi wa Kanyaga lingemwambia kitu.

#28 Mkulima wa Kiti
Kwa hiyo baada ya kurasa zote hizi: udongo, baridi, wadudu, mto, ukoloni, vinywa, maji ya muhogo. Ramani, ulidhani utapata jibu moja? 😂

#29 Kanyaga Twende
Ongeza siasa. Udongo mweusi wa Tope ulikuwa palepale mwaka 1972, Muungano wa Kisovyeti ukanunua shehena kubwa ya nafaka kutoka Marekani. Leo Urusi ni muuzaji wa kwanza wa ngano. Mvua haikubadilika kihivyo, udongo haukuhama. Kilichobadilika ni nani anamiliki, ng'ombe wangapi wanalishwa nafaka, na bei anayopata mkulima.

Ulaya nako, ruzuku za sera ya pamoja ya kilimo ya 1962 ziliwafikisha miaka ya 1980 kwenye milima ya siagi isiyo na mnunuzi. Hiyo nayo ni hali ya hewa?

#30 Tope
Kidogo nje ya mada, ila nadhani Kanyaga ataipenda. Ile ngano ya Kanada inayowahi jalidi, Marquis, iliyofungua nyika mwanzoni mwa karne ya 20, mzazi wake mmoja alitoka India. Anaitwa Hard Red Calcutta, wakamchanganya na Red Fife. Charles Saunders alikuwa anatafuna punje za kila mche, akisikia mnato mdomoni anajua unga utakuwa mzuri. Kwa hiyo kwenye damu ya ngano ya baridi kuna Calcutta.

#31 Bi Mbegu
Na leo Saskatchewan inaiuzia India dengu. Mzazi kapelekewa matumizi.

#32 Ramani Kichwani
Wakuu nashukuru, nimejifunza mengi na nimechanganyikiwa zaidi. Naomba tu tamko la mwisho kuhusu dau.

#33 Shemeji Mtu
Nimejiunga leo kwa ajili ya uzi huu. Mimi ndiye shemeji.

Kwanza, sikusema "ni udongo tu, basi." Nilisema udongo na njia ya kufika sokoni, tulikuwa tumesimama hapo hapo lori lilipokwama kwenye tope, mashahidi wapo. Pili, yeye hakusema "baridi inasaidia." Alisema, nanukuu, "wazungu wamezoea baridi." Kanyaga kamsaidia hoja ambayo hakuwa nayo.

#34 Mkulima wa Kiti
Eeeh! Mtoa mada jitokeze.

#35 Baharia 62
Udongo na usafiri. Kijana ana akili. Kura yangu kwake.

#36 Bi Mbegu
Kwangu mmeshindwa wote, mkapalilie la jirani.

#37 Ramani Kichwani
Shemeji tungeyamaliza nyumbani haya. Sawa, Jumamosi nakuja. Shamba lako lina nini siku hizi?

#38 Shemeji Mtu
Ndago. Imetandaa kote.

#39 JembeKali
Pole Ramani. Ndago ukiikata kwa jembe unaipandikiza. Vile viazi vyake vidogo vyeusi vimefungana chini ya ardhi kama shanga, ukivunja uzi kila ushanga unaota wenyewe. Wataalamu wa magugu waliiweka ya kwanza kwa ubaya duniani. Mimi nimepigana nayo miaka minne, yeye ndiye anayeongoza.

#40 Asiyejua
Hakuna kitu kinachoiua?

#41 Kanyaga Twende
Kule Saskatchewan sikuwahi kuiona hata mche mmoja. Viazi vyake havivumilii ardhi ikiganda.

#42 Ramani Kichwani
SI NILISEMA BARIDI!